Shamba Nililopanda Peke Yangu

Kila asubuhi nikimwagilia bustani ya madam, mwajiri wangu, hapa Nuzha, ng'ambo mbali na kwetu, udongo hutoa harufu ya mvua ya kwanza, nami huwa tena msichana wa miaka tisa.

Mama alikuwa amelazwa hospitalini. Mvua ilinyesha siku mbili, majirani wote wakapanda, shamba letu likabaki tupu.

"Tumngoje mama yenu," baba alisema. "Yeye ndiye anayejua mbegu."

Mimi pia nilijua, maana kila msimu nilimfuata mama nyuma. Baba alipokwenda kumwona, nilishusha kibuyu cha mbegu kilichoning'inia juu ya meko, nikachukua jembe. Kila shimo nilitia mahindi mawili na maharagwe mawili, nikafukia kwa wayo, baridi ya udongo ikinipanda hadi magotini. Baba aliporudi jioni, nilikuwa nimemaliza. Alitazama, akanipokea jembe.

Mama alirudi akitembea polepole, ameshikwa mkono na baba. Mahindi yalikuwa yamenifika magotini.

"Nani alipanda?"

"Ni mimi, mama."

"Umebananisha sana." Kisha akavua viatu, akaingia shambani, akaninyooshea mkono. "Njoo tupunguze."