Siku ya Kutafuta Kasoro

Wenzake walimwita Jaji, ingawa mahakama aliijua kwa nje tu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza friji, na jina hilo alilipata kwa sababu ya magari. Gari jipya likiingia mjini, watu walingoja kwanza Jaji aseme neno. Alilizunguka polepole, mikono mgongoni, kama daktari anayepita wodini. Akafunga mlango na kusikiliza unavyojibu. Akapapasa dashibodi, akapiga magoti kuchungulia chini, na hapo ndipo alipotoa hukumu.

Yeye mwenyewe hakuwa na gari. Alipanda pikipiki, kisanduku cha vifaa kimefungwa nyuma kwa kamba ya mpira. Si kwamba alikuwa mkono wa birika, la, akiba alikwisha kuiweka. Alikuwa anachagua tu, na katika kuchagua huko mvi zikaanza kumchungulia juu ya masikio.

Jumamosi alasiri alikutana na wapenzi wenzake wa magari kwenye kibanda cha kinyozi. Kinyozi mwenyewe alikuwa mmoja wao, na mwingine alikuwa mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, waliyemwita Dizeli. Walikuwa na sheria yao: siku ya kwanza ya kuliona gari ni siku ya kutafuta kasoro. Sifa zingoje mara ya pili.

"Anayesifu siku ya kwanza," Dizeli alipenda kusema, "huyo ni mnunuzi, si mpenzi."

Nyumbani Jaji aliishi na mama yake. Mama alikuwa amepiga pasi kwa dobi mmoja ujana wake wote, amesimama kuanzia asubuhi mpaka jioni, hadi nyonga yake ya kulia ikakataa. Alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani, upande wa alto, lakini kanisa lilikuwa mbali. Pikipiki hakuiweza. Dizeli aliwahi kumpeleka kwa jipi lake lililoinuka juu. Ilibidi mmoja amvute mikono na mwingine amsukume kwa nyuma, huku waumini wakitazama. Alipokwisha kushuka alijinyoosha gauni.

"Ahsanteni sana, wanangu," alisema. "Lakini mimi si gunia."

Tangu hapo Jumapili zake zilikuwa dirishani. Aliimba alto yake peke yake jikoni, na kwa kuwa sauti ile bila wenzake haionyeshi wimbo, mpita njia asingejua ni wimbo gani unaoimbwa. Kitu kimoja tu alimwomba mwanawe: gari ambalo angeweza kuingia mwenyewe, arudi kusimama mahali pake.

Basi yadi ya magari ikaleta gari dogo jipya la familia, lile la milango mitano ambalo mlango wa buti hufunguka kwenda juu pamoja na kioo chake. Habari zilienea haraka. Jumamosi Jaji akamkodishia mama teksi, na walipofika walimkuta Kinyozi na Dizeli wamekwisha kuanza kulinusa. Dada wa mauzo alikuwa amelisimamia kwa kitambaa mkononi, akifuta alama za vidole kila mtu alipogusa.

"Mama, ingia uonje siti," Jaji alisema.

Mama akampa fimbo amshikie. Akageuka, akaupa mlango wa nyuma mgongo, akakaa kama mtu anayekaa kitandani kwake. Akaingiza mguu mmoja. Akaingiza wa pili. Hakuna aliyemshika. Alitulia kidogo, kama anayesubiri maumivu yaje, kisha akacheka kwa sauti.

"Kumbe! Nimeingia mwenyewe. Umeniona?"

"Nimekuona, mama."

Moyo wa Jaji ulimwambia palepale: ni hili. Alifungua buti akaona kiti cha kukunja, kile mama alichokalia akichoka kusimama, kingelala bila shida. Aliketi mbele kwenye usukani, akasogeza siti ikamtosha, na magoti ya mama nyuma yake bado yakawa na nafasi. Angeweza kulilipia siku ileile.

"Haya, Jaji," Kinyozi akaita. "Korti imekaa!"

Naye akashuka, akakohoa kidogo, akaanza.

Alisema dashibodi ni ngumu kama sinia. Akafunga mlango, akatega sikio. "Mmesikia? Hilo ni debe." Akasema injini yenyewe ndogo, ikifika mlimani itaomba msamaha. Wakacheka. Watu wengine waliokuwa wakizunguka yadini wakasogea.

"Na upepo je?" Dizeli akachochea. "Lori likipita si litahama njia?"

"Lori la nini, mzee? Mtu akipiga chafya tu!"

Dada wa mauzo akatabasamu kwa shida. "Lakini kaka, familia nyingi zimelipenda. Linakula mafuta kidogo sana."

"Dada yangu, hata friji hula umeme kidogo," Jaji akajibu. Aliona macho yote yako kwake, akajua pa kumalizia. "Hili si gari. Hili ni friji lililotiwa magurudumu. Na mimi friji nazijua!"

Walipiga makofi. Kinyozi akashika tumbo. Ndani, siti ya nyuma, mama alikuwa amesikia yote.

"Basi kama ni baya hivyo, nishuke, baba," alisema taratibu. Hivyo ndivyo alivyomwita mwanawe tangu mumewe alipofariki.

Jaji akainama mlangoni. "Si kwamba ni baya, mama. Ni…" Nyuma yake bado walikuwa wanacheka. "Wanasema kuna lenye injini kubwa linakuja. Tulingoje hilo."

"Sawa, baba."

Alishuka mwenyewe kama alivyoingia, ila safari hii hakuuliza kama kuna aliyemwona.

Njiani Jaji alipanga kurudi Jumatatu. Angekwenda peke yake, akalisifu kimyakimya na kulilipia. Lakini maneno yalikuwa yamemtangulia. Kwenye kituo cha mafuta kijana wa pampu alimuuliza, "Bosi, friji lenye magurudumu linauzwa bei gani?" Buchani, alikokwenda kurekebisha chumba cha baridi, mwenye bucha alimrudia mzaha huohuo neno kwa neno, kana kwamba ni wake. Jaji alicheka nao. Angewezaje sasa kuonekana analiendesha? Akajitia kungoja lenye injini kubwa. Lilipokuja, lilikuwa limeinuka juu kama jipi la Dizeli. Mama asingelipanda, na wote wawili walijua bila kuulizana.

Mama hakulalamika. Mara moja tu, akimenya viazi, alisema, "Lile gari lilikuwa na siti nzuri."

"Lina kasoro nyingi, mama."

"Hata mimi ninazo."

Jaji alicheka, akatoka nje kuosha pikipiki.

Msimu wa baridi ulimpata mama kifuani. Hospitali walijitahidi, na watu wa kwaya wakaja kumwombea wodini, lakini Mungu alimwita kabla msimu haujaisha. Tunaamini amepumzika. Siku ya mazishi alibebwa na watu wengi, na Jaji alishika upande wa kichwani.

Baada ya wiki kadhaa alipeleka joho la kwaya kanisani, kwa maana majoho ni mali ya kanisa. Lilipokelewa na mama mmoja mnene mwenye miwani, aliyekuwa akisimama bega kwa bega na marehemu. Alilikagua pindo, akalipangusa ingawa halikuwa na vumbi.

"Alituambia tusimpe mtu nafasi yake," alisema.

"Lini, mama?"

"Jumamosi ile mliyokwenda kuona gari. Alinipigia simu jioni anacheka kama msichana. Nimeingia mwenyewe, ananiambia, wala sikushikwa! Nikamwambia basi kesho tunakuona. Akasema, tulia kwanza, mwanangu ameliona lina kasoro. Hataki kuniweka kwenye kitu cha kubahatisha. Ananitafutia lililo bora." Akavua miwani, akaifuta kwa kanga. "Alikusifu mno, baba. Kila mtu aliyempigia simu, alikusifu kwake. Je, ulilipata hilo bora?"

Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema alikuwa bado anatafuta, na wote wangemwamini, kwa maana mama yake alikwisha kumwekea udhuru.

"Lilikuwa lilelile," Jaji alisema. "Nilijua tangu alipoketi."

"Sasa mbona hukulichukua?"

"Watu walikuwa wanacheka."

Mama yule alilikunja joho, mkono juu ya mkono, akalishikilia kifuani. Jaji akabaki amesimama mbele yake, kichwa chini, akingoja akaripiwe. Hakukaripiwa.