Siku Mbunge Alipotasa

Mimi ni mtu wa kushuku. Sikufundishwa na mtu, nilizaliwa hivyo, na miaka niliyoishi karibu na mwanasiasa ilizidi kuninoa. Mwanasiasa mwenyewe alikuwa baba yangu mdogo, ndugu wa pekee wa baba. Alikaa bungeni tangu nikiwa msichana wa shule hadi nilipokuwa mjini Voi na cherehani zangu mbili na mtoto mgongoni.

Kiti hicho alikipata kwa jasho la baba. Baba alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwetu Chawia, mlimani. Siku hizo karatasi za kura zilikuwa na alama, na alama ya baba mdogo ilikuwa taa. Jioni, akina mama wakitoka shambani, baba aliwaita darasani, akachora taa ubaoni na kando yake jembe la mpinzani, kisha akawauliza mmoja mmoja, "Mama, kidole chako kitaenda wapi?" Aliyesitasita alirudishwa nyuma kama mtoto wa darasa la kwanza. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tukashinda mara ya kwanza, tukashinda na ya pili.

Halafu yakaja mabomba. Baba mdogo alikuwa ameahidi kutuletea maji, na mabomba yakaletwa kweli, yakarundikwa kando ya barabara. Akina mama waliyapita kila asubuhi wakiteremka kijitoni na madebe yao. Siku moja lori likaja, likayabeba, likateremka nayo kuelekea nyanda za chini. Wengine walisema yameonekana kwenye ranchi ya tajiri fulani. Mimi sikungoja kuambiwa mara mbili, niliamini papo hapo.

Baba aliuliza barazani, mbele ya DO, mkuu wa tarafa, na umati mzima. "Mheshimiwa, mabomba yetu yako wapi?" Kumwita ndugu yako wa tumbo moja Mheshimiwa ni kumvua nguo. Baba mdogo alitabasamu, akasema anashughulikia. Kabla muhula haujaisha, baba akahamishwa hadi shule moja upande wa Taveta, kando ya mashamba ya mkonge, joto na malaria tupu. Mama alibaki mlimani na shamba, na bibi yetu mzaa baba ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia.

Baba mdogo aliapa kwamba hakuhusika. Nikajiuliza, kama si yeye ni nani? Huko Nairobi nani anamjua mwalimu mmoja wa Chawia hata amchukie? Kila likizo baba alirudi amekonda zaidi, na ndugu hao wawili wakaacha kusalimiana. Mama hakutaka jambo lingine duniani ila mumewe arudishwe nyumbani.

Ndipo ukaja uchaguzi wa mlolongo. Hakuna karatasi wala sanduku. Unasimama mchana kweupe nyuma ya picha ya mtu wako, na kila mtu anaona mgongo wako uko wapi. Baba mdogo alijua kwamba watu wa mlimani wangemtazama baba kwanza. Akapanda kwa bibi na gari lake jeupe, akaomba apatanishwe na kaka yake. Akaahidi kwamba akishinda, baba atarudi Chawia muhula unaofuata. Bibi akasema sawa, lakini kwanza watatasa.

Nilipomwambia mama mwenye nyumba wangu pale Voi, mwanamke wa Kiswahili aliyependa utani, alicheka hadi leso ikamdondoka. "Yaani nyinyi watu wa milimani hasira zenu mwazitema kama tambuu?" Nikamjibu, ndiyo, ni hivyo hasa. Mwenye kinyongo anapiga funda la maji, au la pombe ya miwa kwa wasio wa kanisa, anayapuliza nje, na uchungu unatoka nayo huku akitamka maneno ya heri. Lakini asitase kwa uongo. Hasira iliyobakizwa moyoni ndiyo inayodhuru watu wa nyumbani, na haichagui.

Kwa hiyo Jumapili ya kutasa, baada ya ibada, nilipanda kwa bibi nikakaa mahali nilipoweza kuliona vizuri koo la baba mdogo. Nilijua atameza. Mtu aliyemeza mabomba ya kata nzima atashindwa na funda moja la maji? Bibi akampa kikombe. Akapiga funda, akapuliza kulia, akapuliza kushoto, mpaka tai yake ikalowa. "Kama niliweka uchungu kwa kaka yangu, utoke. Arudi kwake, tuishi." Sauti ilimtetemeka. Koo halikusogea hata kidogo. Niliona haya kwa mawazo yangu. Baba naye akapokea kikombe, na mimi nilikuwa bado nauangalia uso wa baba mdogo, nikitafuta ujanja umejificha wapi.

Siku ya kura, baba aliwekwa wa kwanza kabisa nyuma ya picha ya ndugu yake, ili mlima uone kwamba mambo yameisha. Mimi nilikuwa wa pili, bibi ameniegemea mkono. Mstari wetu ulizunguka uwanja wa shule. Wa mpinzani ulikuwa mfupi, watu wachache wenye shingo ngumu.

Karibu na kuhesabiwa, baba alitoka. Alikata uwanja katikati na kofia yake mkononi, akaenda kusimama mwisho wa mstari ule mfupi. Kisha mmoja akamfuata, na mwingine, na wale akina mama wa kidole kwenye taa. Baba mdogo akamkimbilia.

"Kaka, si tulitasa?"

"Wewe ulitasa," baba akasema. "Mimi nilimeza."

Nilitaka kwenda pia. Bibi akanibana mkono. "Usiende. Mmoja anatosha."

Kwa macho yangu mstari wa mpinzani ulikuwa mrefu kuliko wetu. Jioni ikatangazwa kwamba baba mdogo ameshinda. Hilo halikunishangaza, lakini halikunifurahisha pia. Baba alirudi Taveta, akakaa huko hadi alipostaafu. Aliyemhamisha hatukumjua kamwe, na mimi, nisiyeamini mtu, naamini kwamba baba mdogo alipuliza ukweli.

Bibi hakuumaliza mwaka ule. Matangani, baba alipozunguka na birika la maji ya kunawa, jamaa mmoja baada ya mwingine walisema mikono yao ni safi. Nilinawa mimi peke yangu. Nililia, na sikujua nalilia nini hasa.

Baba alipozeeka, mimi ndiye niliyempelekea maji ya kunywa, na nilisimama hadi amalize kikombe. Alidhani ni heshima ya mtoto kwa mzazi. Nilikuwa nikitazama koo lake.