Orodha ya Wifi

Kwa miaka kumi na tisa, hakuna muuguzi mpya aliyeanza kazi hospitalini pale bila kuvuta kiti kando ya Mama Faili. Karani huyu wa masjala, mzito wa sauti na mwepesi wa vidole, ndiye aliyewafundisha wageni kuingiza wagonjwa kwenye kompyuta. Wakikosea aliwagombeza, wakipatia aliwatania. Hata daktari mkuu alipokwama aliinua simu: "Mama Faili, njoo uniokoe."

Kisha wifi yake, dada wa mumewe, akaajiriwa kitengo cha kompyuta, akaja na orodha. Mgeni akifungua programu mara ya kwanza, pembeni mwa skrini zinajitokeza hatua saba: weka nywila yako, sajili mgonjwa, chapisha kadi, na kuendelea. Ukimaliza moja inajiwekea alama ya vema, ukimaliza zote unaandikiwa "Hongera!"

Wiki hiyo walianza wauguzi wanne. Hakuna aliyemfuata masjala.

"Wifi yako ni moto wa kuotea mbali," mmoja alimwambia kwenye korido. "Nusu saa tu, nimeiva!"

Mama Faili alicheka kwa meno, roho ikimchonyota. Nyumbani nako mumewe alimsifu dada yake mpaka chakula kikaingia nyongo.

Jumatatu, saa ya mapumziko, aliifungua programu kama mgeni, apate la kumsema wifi. Akalipata. Orodha iliwaagiza watu wasajili mgonjwa, lakini haikuwaambia watafute kwanza kama ana faili la zamani. Mgonjwa mmoja angeweza kuishia na mafaili mawili, kila moja na taarifa zake.

"Acha aumbuke," alijisemea, akafunga mdomo.

Alhamisi mwanamke alikuja na binti yake anayechemka homa. Muuguzi mpya akamsajili upya; faili jeupe pee. Mama Faili, aliyekuwa akipita na rundo la bahasha, aliikumbuka sura ile. Mwaka jana mtoto huyo alivimba uso baada ya kuchomwa penisilini, na ni yeye Mama Faili aliyeliandika jambo hilo kwa herufi kubwa. Lakini mtoto alikwishapelekwa chumba cha sindano. Bahasha zikamwagika sakafuni, akakimbilia huko.

"Usimchome! Ana faili lingine!"

Muuguzi, sindano mkononi, aliganda. Kisha akaiweka chini.

Wifi alifika akihema. "Kumbe orodha yangu ina kasoro. Ulikuwa unajua?"

Mama Faili alitaka kukana, ulimi ukamgomea. "Tangu Jumatatu."

Wifi alifuta machozi, akachomoa kalamu. Hakufoka. "Basi nitajie na mengine yote, wifi. Naandika."

Mama Faili alimtajia kila kasoro iliyoweza kumdhuru mgonjwa, hakuficha hata moja. Kesho yake orodha ilikuwa na hatua kumi, na mbele ya wafanyakazi wote wifi alisema, "Hizi tatu mpya ni za wifi yangu." Watu wakapiga makofi, kisha wakamzunguka wifi kumuuliza maswali.

Mama Faili aliwatazama, kijicho kikimpanda tena. Namna ya kuituliza printa inapogoma hakuwa amemwambia mtu. Hiyo, aliamua, wataifuata kwake masjala.