Yetu Itangoja

Kaka yangu Msellem, fundi mwashi wa hapa Wingwi, hajapata kumchelewesha mtu. Mwulizeni mkewe, basi! Badriya alikimbilia Mombasa na wazazi wake baada ya machafuko ya uchaguzi, akaacha nyumba ina kuta tu. Msellem akamwambia, "Nikishaezeka, ntakwita." Miaka ikapita. Na mimi wifi yake nikabaki sina wa kuchambua naye karafuu, sina wa kumteta naye huyo kaka. Nilimtamani mpaka kelele zake.

Kupanga kazi anajua, simnyimi haki yake. Zege la Gombani likingoja kukauka, watu wake wako Mkoani wanapiga plasta. Mkoani wakikosa mchanga, wanarudi Gombani. Hakai mtu bure. Lakini kila kazi ikichelewa, siku za kufidia anazitoa kwenye nyumba yetu. "Yetu itangoja," ndiyo wimbo wake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mwenye tumbo ni nani?

Mwaka huo mbao zetu zikafika. Ilikuwa lazima tuezeke kabla ya karafuu kuiva, maana zikiiva humpati seremala Pemba nzima, wote wako mikarafuuni. Jaribu, seremala wetu, alishakuja na msumeno wake. Mara huyo Mzee Amur, mwenye ile nyumba ya Gombani, jasho linamtoka: harusi ya mwanawe imefika, mbao zake zimekwama Unguja, meli mbovu.

Msellem akanitazama. "Mize, yetu..."

"Usiseme!"

Akasema. Wakaanza kupakia mbao zetu garini, na mimi nikalia, wallahi, mbele ya mzee wa watu. Nikampigia simu Badriya, nikamwaga yote.

"Wifi," akasema, "nani kamwambia nangoja bati? Hapa tunalala chumba kimoja na watoto wa mjomba, tumebanana. Mimi nangoja aniambie njoo. Hajanambia hata siku moja."

Nilimkimbilia Msellem, nikambandika simu sikioni.

"Badriya," akaanza, "karafuu zikisha, inshallah, nta..."

"Mwambie aje, we mwanamme!" nikampigia kelele. Jaribu akaitua mbao chini.

Kaka akazitazama kuta zetu.

"Njoo," akasema. "Njoo, mke wangu. Bati hakuna."

Nilimsikia Badriya akilia. Nikachukua ufagio, nikaenda kufagia chumba kisicho na paa.