Niliimba Huku Fundi Wangu Akivunjwa Mkono

Nimekosa, tena kosa langu si la kuteleza. Nililifanya mchana, macho wazi, watu wananitazama. Nimekaa nalo tumboni miaka mingi mpaka limeniozea. Leo nalitapika hapa. Wewe unayesoma nivumilie, maana hata padri sijamweleza lote.

Wakati ule mume wangu alifanya kazi kwenye matanuru ya shaba, na tulikaa hapa Lubumbashi katika mtaa wa wafanyakazi. Chama kilikuwa kimoja tu, na kila mwanamke aliitwa citoyenne, yaani raia. Mtoto akizaliwa tayari ni wa Chama, hata jina hajapewa! Mimi nilikuwa mwimbishaji wa animasyo, yaani wale wanawake waliopangwa kuimba na kucheza kila mkubwa akifika mjini. Mimi naanza wimbo, wenzangu wanaitikia. Nilikuwa na sauti, sikufichi. Na nilipenda kuonekana! Nikipita sokoni watu wakisema "ni yeye yule", mgongo unaninyooka wenyewe.

Jirani yetu alikuwa fundi cherehani. Nitamwita Selemani, si jina lake. Mwislamu wa ukoo wa Maniema, mtu mpole mpaka anakera. Mke wake, nitamwita Mama Zaina, ndiye aliyempokea binti yangu siku uchungu uliponikamata kabla gari halijafika. Kitovu cha mtoto wangu alikikata kwa mkasi wa mume wake, baada ya kuuchemsha. Watu wa namna hiyo ndio niliowafanyia haya.

Sasa sikia. Ikatangazwa kwamba Mkuu wa nchi, Guide kama tulivyopaswa kumwita, anakuja. Kila mwanamke wa animasyo akapewa kikwembe, kitenge kipya cha kijani, chenye sura yake ndani ya duara, kubwa kama sahani. Na kila mtu mjini alijua sheria za kile kitambaa, ingawa sijaona zilipoandikwa. Sura haikatwi. Haiwekwi kichwa chini. Na haikaliwi! Inakaa kifuani au mgongoni, imesimama wima.

Mafundi waliogopa kile kitambaa kuliko nyoka. Selemani alitandika kwanza shuka safi sakafuni, akavua viatu, ndipo akakitandaza na kuzungushia kila sura chaki kabla hajagusa mkasi. Ndiyo maana nguo zake za Chama zilikuwa pana kama magunia.

Mimi sikutaka gunia. Kundi la mtaa wa pili lilikuwa na mwimbishaji wake, mwembamba, mwenye maringo, na nilisikia anashonesha nguo ya kubana. Wee! Roho ikaniwaka. Nikampelekea Selemani kikwembe changu pamoja na picha niliyokata gazetini: mikono ya puto, kiuno kimebanwa, chini nyembamba mpaka magotini.

Akapima, akapima tena, akatikisa kichwa.

"Mama, hii haiwezekani. Nikibana hapa, sura moja inapasuka mu mushono. Na ile ingine inaanguka ku matako."

"Na nani ataangalia matako yangu, fundi?"

"Bantu bote, mama! Si njo kazi ya animation?" Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Leta kikwembe ingine, nitakufanyia muzuri. Hii, hapana."

Kesho yake nikarudi, akakataa. Nikarudi mara ya tatu, akakataa, na Mama Zaina mwenyewe akanishika mkono. "Dada, usituletee maneno mu nyumba yetu. Nakuomba."

Hapo nikamjibu mume wake, si yeye. "Basi nitaenda ku kamati ya Chama, niseme kuko fundi anakatala kushona nguo ya Chama. Utabaeleza weye mwenyewe."

Selemani akavua viatu. Akachukua mkasi, na alikata huku midomo yake inasoma dua bila sauti.

Nguo ilikuwa nzuri, Mungu wangu! Nilijitazama kwenye kioo cha kabati mpaka mume wangu akaniuliza kama naenda kuolewa upya.

Siku yenyewe tulipandishwa kwenye makamyo asubuhi, tukasimamishwa uwanja wa ndege wa Luano, jua linatuchoma vichwa. Ndege ikatua, nikaanza wimbo. Unajua animasyo ilivyokuwa: kuinama, kugeuka, kutikisa. Nilitikisa kuliko wote. Yule mwembamba wa mtaa wa pili nilimfunika kabisa, na nilifurahi, mjinga mimi!

Mkubwa akapita na magari yake. Sidhani kama aliona kitu. Lakini kiongozi wa vijana wa Chama aliona. Mwanaume mwenye miwani myeusi, hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliniita kando ya makamyo, akanizunguka kama anayenunua mbuzi. Akashika mshono wa ubavuni akauvuta. Nusu ya sura huku, nusu kule.

Kofi lake sikuliona lilikotoka. Nilianguka, na buti lake likanikanyaga shingoni.

"Unamukalia Guide na matako, citoyenne? Nani alimukata kichwa?"

Ningeweza kusema ni mimi. Ningeweza kusema nilimlazimisha mtu wa watu. Wangenipiga, ndiyo. Wangenitupa kasho, kile chumba chao cha kufungia watu, siku mbili tatu, halafu mume wangu angehangaika anitoe. Wangapi walipita huko na wakarudi nyumbani!

Nikasema, "Ni fundi. Nilimukataza, yeye akakata."

Na haikunitosha! Buti lilikuwa limeshaondoka shingoni. Hakuna aliyeniuliza zaidi. Mwenyewe nikaongeza, ili waniamini kabisa: "Na alikuwa anacheka."

Hilo la kucheka ndilo lililompasua yule mtu. Akapanda na vijana wake, akaamuru kamyo letu lipite kwa fundi moja kwa moja, na sisi wanawake tukiwa ndani.

Tulimkuta anashona suruali ya mtoto wa shule. Vijana wa yule wa miwani hawakumsalimia. Wa kwanza alimpiga na bizimu ya mkanda, chuma kikamwingia juu ya jicho. Wa pili alimvuta kwa shingo mpaka barabarani, wakamwangukia watano, mateke, mateke, mateke. Cherehani ikarushwa nje ikavunjika shingo. Mama Zaina alitoka anapiga yowe, wakamsukuma kwa teke la tumbo, akakaa chini katika mfereji, akawa anafungua mdomo bila kutoa kitu.

"Uko na mukono ya kukata kichwa ya mukubwa? Na unacheka?"

"Sikucheka, baba! Sikucheka miye!"

Hakusema nilimlazimisha. Alijua nipo juu ya kamyo, ameniona, na hakulitaja jina langu hata mara moja. Sijui kwa nini. Mpaka leo swali hilo linanitoa usingizini.

Wakaleta meza yake nje. Wakamkamata wawili, wakaulaza mkono wake wa kulia juu ya meza. Mmoja akachukua pasi ya makaa, ile nzito ya chuma, bado ina moto ndani. Yule wa miwani akageuka kwetu.

"Mama za animation, munaangalia nini? Imbeni! Bantu basikie furaha, basisikie huyu."

Mawee, mama yangu! Wenzangu wote walinitazama mimi, maana wimbo bila mwimbishaji hauanzi. Kama ningenyamaza, wangenyamaza. Walikuwa wakiningoja mimi tu!

Nikafungua mdomo, nikaanza.

Tukaimba na kupiga makofi. Na yule mwenye pasi alianza kufuata wimbo. Pasi inashuka pamoja na makofi yetu. Cheche zinaruka, majivu yanaruka, Selemani analia kama mnyama, na mimi napandisha sauti ili nisimsikie. Nilipandisha vizuri. Niliimba vizuri kuliko Luano. Hilo ndilo linaniua.

Walipomaliza, mkono haukuwa mkono. Wakamtupa kwenye kamyo, miguuni petu, akapelekwa kasho. Njia nzima damu yake ilikuwa inaingia katika viatu vyangu vya Chama.

Alitoka baada ya wiki nyingi, vidole vimekunjamana, havikunjuki. Na mtaa ulimpokeaje? Wale wale aliowashonea nguo za harusi walivuka ng'ambo ya barabara wakimwona. Kila mtu alishajua kwamba fundi alimtukana Mkuu wa nchi akacheka. Wanawake walitema mate mbele ya mlango wake, wakiangalia kwanza kama kuna wa kamati anayewaona. Mwishowe Selemani na mke wake wakahama, wakaenda Sakania kwa ndugu za Mama Zaina.

Mimi je? Nilisifiwa! Mkutanoni nikasimamishwa kuwa mama wa mfano. Mume wangu alikaa mstari wa nyuma siku hiyo. Tulipofika nyumbani alisema, "Kweli unaimba muzuri," na tangu hapo hakuniita jina langu mpaka alipokufa. Alikuwa anasema "weye". Weye, leta maji. Weye, mutoto analia. Miaka yote ile, "weye"!

Sasa wanasema Chama si kimoja tena, na midomo imefunguka. Vizuri. Majuzi nikaenda kusikiliza mkutano wa chama kimoja kipya. Nani amepanda jukwaani? Yule wa miwani! Amevaa tai, anasema haki za raia. "Siye hatukugusa muntu," anasema. Watu wakashangilia. Na mimi, laana hii, nilitazama chini nikaona mikono yangu inapiga makofi.

Siku ya pili yake nikapanda treni ya Sakania.

Nilimkuta Selemani karibu na stesheni, amekaa kwenye kisanduku, anauza chumvi, sabuni na mishumaa. Nywele nyeupe. Mkono wa kulia ameuficha chini ya koti. Nilipiga magoti katika vumbi, nikaanza kusema yote, nguo, kofi, uongo wa kucheka.

"Simama, mama. Miye si padri."

"Fundi, nilikuwa juu ya ile kamyo. Miye njo nilianza ile nyimbo."

"Najua. Sauti yako naijua. Ulikuwa unaimba mu nyumba yangu kila siku nikikupima."

Nililia mpaka wateja wake wakasimama kando. Yeye hakulia. Alingoja nimalize, kama alivyongoja zamani nikichagua vifungo.

"Unalia hapa sababu hapa hakuna muntu anakujua," akaniambia. "Mwaka jana binti yangu alikuwa anaolewa kule Lubumbashi. Familia ya bwana bakauliza, bakaambiwa baba yake njo ule wa kutukana mukubwa, kichwa mubaya, anacheka mambo ya kulia. Ndoa ikakufa. Chama kilikufa, mama, lakini ile maneno yako iko muzima. Sitaki magoti yako. Wende useme kule ulisemea."

Mama Zaina alikuwa ndani ya chumba nyuma yake. Alisikia sauti yangu, na hakutoka.

Nilirudi. Nikaenda hadi mahali pale palipokuwa na kibanda cha Selemani cha cherehani, mbele ya nyumba yao ya zamani, siku ya soko, watu tele. Nikasimama. Nikafungua mdomo mara mbili. Wapi! Nikanunua nyanya nikarudi nyumbani. Ndiyo, mwoga ni mwoga! Ndipo nikachukua kalamu, na hata hapa nimeficha jina langu, nicheke ukitaka.

Lakini nisikilize. Siku hizi naona vijana wapya, wa vyama vipya, wanapita mlango kwa mlango na madaftari. Nani ni wa wapi, nani alisema nini, jirani yako anasikiliza nani. Wakikubana, sema hujui. Wakikupiga, lia, jeraha linapona. Usimpe mtu mwingine ili wewe upumue! Na wakikuambia uimbe, kaa kimya, hata kama wote wanakuangalia wewe. Tena hasa kama wote wanakuangalia wewe.

Na ninyi wa mtaa wetu, mnamjua ninayemsema. Ni yule fundi aliyevunjwa mkono barabarani mbele ya kamyo la wanawake. Mliomtemea mate, mliomkataa binti yake, shikeni hili: hakumtukana mtu. Hakucheka. Alikataa ile nguo mara tatu, na aliyemwambia akate ni mimi.