Maji Unayajua?

Mimi ni mtu wa hasira, na nisipolisema hilo mwanzoni mtadhani habari hii ni ya Sankale peke yake. Marehemu mama alikuwa akiniambia, Muzammil, mdomo wako unatangulia, akili inakuja nyuma kwa miguu. Alikuwa ananitania tu. Sasa nina miaka sitini na ushee, bado natengeneza baiskeli Kaloleni pale pale, na kila nikikumbuka mwaka tisini na saba naona mama hakukosea hata kidogo.

Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Baiskeli za gia, ambazo zamani tuliziona kwa wageni tu, zilikuwa zimeanza kuja za mitumba, zimefungwa kwa makumi. Kampuni za kupeleka watalii mbugani zilizuka kila kona ya Arusha. Mwenye kampuni mmoja ndiye niliyekuwa namtengenezea baiskeli zake. Siku moja akaja na karatasi: huko Namibia kuna mashindano ya siku tano, watu wanakwenda kwa miguu, kwa baiskeli, kwa makasia, halafu wanaogelea kuvuka bwawa. Timu ni ya watu watatu na mmoja lazima awe mwanamke. Akasema, fundi, ukipata wenzako wawili mimi nawapeleka. Nilikuwa sijawahi kuvuka hata mpaka wa Namanga. Nilikubali kabla hajamaliza kukunja karatasi.

Mwanamke nilimpata upesi. Tabea wa Maji ya Chai, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akikimbia kila alfajiri kabla ya kwenda kufundisha, na majirani walishazoea kumwona na kuacha kumcheka. Kuogelea alijifunzia chuo cha ualimu. Wa tatu nilimpata bila kumtafuta.

Nilikuwa najaribu baiskeli moja ya gia kwenye mpando wa Olmotonyi, kule juu ya chuo cha misitu. Ninahema, jasho linaniingia machoni. Mara mtu akanipita kwa miguu. Hakukimbia, alikuwa anatembea, jembe begani, makubazi ya tairi miguuni, akanisalimu vizuri na kuendelea mbele. Nikajisemea, hapana, hili haliwezekani. Nikakanyaga mpaka mnyororo ukalia, nikamfikia, na hata hapo nilimfikia kwa sababu alisimama kuziba mahali mfereji ulipovuja.

Huyo ndiye Sankale. Mwarusha, mtu wa miaka kama thelathini, mrefu, maneno yake ya kuhesabika. Kazi yake ilikuwa kushika mfereji unaotoka msituni na kunywesha mashamba ya pale. Kila siku alipanda kilomita saba hadi kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, na kushuka nyingine saba, na siku nyingine mara mbili. Baba yake aliushika mfereji huo, na babu yake kabla ya hapo. Nikamweleza habari ya Namibia, siku tano za miguu na baiskeli. Akasikiliza yote, akauliza kama kuna mlima. Nikamwambia ipo milima mingi. Akacheka kidogo, nikajua nimempata.

Lilibaki swali moja. Sisi kwetu, wazee wangu ni watu wa Pangani, mtu anayeogelea tunasema anayajua maji. Mimi mwenyewe bibi ndiye aliyenitupa mtoni nikiwa na miaka sita. Basi nikamuuliza kama ambavyo ningemuuliza binamu yangu:

"Maji unayajua?"

Aliniangalia akacheka, safari hii sana.

"Fundi, mimi maji usiniulize. Nayajua tangu naachishwa ziwa."

Jioni ile nikajaza fomu. Kwenye kuogelea, mbele ya jina la Sankale, nikaandika: vizuri sana.

Hakutaka kuondoka bila ruhusa. Alinipeleka kwa mzee Sakaya, mwenyekiti wa kamati ya mfereji, nikamwamkia shikamoo na kumweleza safari. Mwaka ule ulikuwa wa kiangazi kibaya, mahindi yamekauka magotini, na watu waligombania zamu za maji hata wale waliokuwa wakisali kanisa moja. Mzee Sakaya hakupenda. Mwisho akakubali kwamba Koikai, mtoto wa baba mdogo wa Sankale, ashike mfereji mpaka arudi. Kisha akanigeukia mimi.

"Huyu hatukumpa mfereji kwa sababu ana miguu," akasema. "Tumempa kwa sababu akikwambia zamu yako imekwisha, unajua imekwisha, hata kama mimea yako inanyauka. Siku akishikwa na uongo mmoja, banio halishiki tena. Mtu wa ndimi mbili hagawi maji. Wewe umrudishe kama unavyomchukua."

Nikasema, mzee, usiwe na wasiwasi. Neno hilo nililitoa kwa wepesi, kama mtu anayekubali kikombe cha chai.

Miezi miwili tulijinoa vizuri. Tulikwenda Kisongo na kurudi kwa baiskeli, tukapanda msituni na mizigo mgongoni. Sankale baiskeli aliiendesha kama mtu anayepigana na punda, Tabea akimcheka mpaka anakaa chini, naye hakukasirika. Kwa miguu, hata hivyo, sisi tulikuwa watoto wake. Tena kulikuwa na jambo moja ambalo nililiona na sikulitia akilini. Mara mbili maji yalituishia njiani, na mara zote mbili alisimama, akaangalia majani, akaangalia mawe, akasema twendeni kushoto. Tukaenda, tukakuta maji. Mimi nikajaza chupa yangu nikaendelea na safari.

Ilibaki miezi miwili mingine tukaenda Duluti, ziwa la pale Tengeru, kuanza makasia. Mwenye kampuni alikuja na mtu wake wa kutupima. Akatoa na pikapu, kwa hiyo watu wa Olmotonyi walipanda kumwona mwenzao: Koikai, Namnyaki mke wa Sankale, na wajumbe wawili wa kamati ya mfereji. Yule mpimaji akasema kabla ya makasia kila mmoja aogelee mita hamsini.

Tabea akaenda na kurudi. Mimi nikaenda na kurudi. Sankale akaingia hadi kiunoni, akasimama. Duluti ni shimo la volkano, ukipiga hatua chache tu ardhi inakukimbia. Alisimama pale muda mrefu mikono imeinuka juu ya maji. Kisha akarudi nchi kavu.

"Fundi," akaniambia taratibu, "hili sikuambiwa."

Mwenye kampuni akaniangalia. Mpimaji akaangalia fomu yenye mwandiko wangu. Niliona Namibia inaniponyoka, mdomo ukatangulia.

"Hukuambiwa nini? Si nilikuuliza kama maji unayajua? Ukasema usiniulize?"

"Maji nayajua."

"Umesimama humo kama nguzo halafu unasema unayajua?"

"Nayajua," akasema tena.

Nikaona ananifanyia jeuri. Nikamwita muongo. Nilimwita mara tatu, ya tatu kwa sauti ambayo hata waliokuwa wanafua ng'ambo waligeuka. Nikasema umetudanganya, umemdanganya bosi, na kule kwenu sijui unawadanganya mara ngapi. Maneno haya ya mwisho sijui niliyatoa wapi. Wajumbe wale wawili walikuwa wamesimama hatua tano kutoka kwangu, na Koikai aliinamisha uso akachezea kifungo cha shati.

Sankale akavaa makubazi yake. Hakupanda pikapu. Alikwenda kwa miguu kutoka Tengeru mpaka Olmotonyi, na Namnyaki akamfuata nyuma.

Miezi miwili ilikuwa imebaki, jamani. Watoto watatu wa dada yangu nimewafundisha kuogelea kwa wiki moja, na mmoja wao alikuwa analia hata akiogeshwa kwenye beseni. Miezi miwili ningemfundisha na nafasi ingebaki. Hilo halikunijia hata kidogo. Nilimchukua Philemoni, kijana wa hotelini aliyekuwa akiangalia bwawa la kuogelea, anateleza majini kama kambare.

Tukaenda Namibia. Siku ya kwanza nzuri, ya pili nzuri. Jioni ya pili wakatukusanya wakatutangazia kwamba mvua zimegoma, bwawa limekauka, makasia hakuna na kuogelea hakuna. Badala yake tutakwenda kilomita sitini kwa miguu. Siku ya tatu, saa nane mchana, maji yalituishia kwenye bonde la mawe meupe. Philemoni akakaa chini akasema haendi tena, midomo imempasuka. Tabea hakuniangalia aliposema:

"Sankale angetupeleka kwenye maji."

Tulijitoa. Walitufuata na gari. Watu wengine wanasema walivuna uzoefu. Mimi nilivuna aibu, nikarudi nayo Arusha.

Tabea ndiye aliyenisukuma. Alikuja kibandani akasema, kaka Muzammil, nenda kamtake radhi yule mtu, uongo wowote aliosema haukufikia matusi yako. Nikachukua fulana ya timu yenye jina lake, iliyokuwa imekwishachapwa tangu zamani, nikapanda baiskeli. Karibu na chuo cha misitu nikapotea njia za vichochoroni. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa anachuma maharage, kwa Sankale ni wapi.

"Sankale yupi? Yule aliyekuwa anajua maji?"

Nikashuka kwenye baiskeli.

"Mama, unasemaje? Anajua maji vipi?"

Akanicheka kwa upole, kama mtu anavyomcheka mgeni. "Hapa kwetu anayeshika mfereji tunasema ndiye anayejua maji. Anajua zamu ya nani, yanavuja wapi, yataisha lini. Sasa hivi anayejua maji ni Koikai."

Sankale nilimuuliza, akanijibu kweli. Akarudia kweli mara mbili nyingine, amelowa mpaka kiunoni, watu wakimwangalia, nami nikamwita muongo.

Nilimkuta analima kiploti chake, mimea imenyauka. Tangu Duluti kamati ilikuwa imemwondoa mferejini, hakuwa na haki hata ya kugusa banio. Nikamwomba radhi, na nawaambieni ukweli, nililia. Akanikaribisha, Namnyaki akaleta chai. Fulana aliitazama akaikunja vizuri, akanirudishia. Hakunitupia lawama. Aliniomba jambo moja tu.

"Koikai ameshika kwa muda. Alhamisi kamati inakaa kwenye banio, ndipo watachagua kabisa. Nimejaribu kuwaeleza, wanaona najitetea. Njoo wewe. Sema tu ulichoniuliza na nilichokujibu. Wataelewa wenyewe."

"Alhamisi saa ngapi?"

"Saa nne."

"Nitakuja," nikamwambia. "Hata nikitambaa."

Alhamisi saa moja asubuhi mwenye kampuni akaja kibandani. Wageni kumi na mmoja wamefika, wanataka baiskeli mchana, na zote zina kasoro. Nikamwambia nina safari. Akasema, Muzammil, baada ya Namibia unaniambia una safari? Nikapiga hesabu zangu za kijinga: vikao vya wazee havianzi kwa wakati, nikiondoka saa sita nitawakuta. Saa sita zilikuwa bado baiskeli nne. Saa nane nikasema wameshaondoka, nitakwenda kesho. Kesho yake Ijumaa, nikaenda kuswali, nikachoka. Nilikwenda Jumamosi.

Mzee Sakaya nilimkuta zizini kwake. Nikamwamkia, nikamwaga yote bila kupumzika: nilivyouliza, alivyojibu, Pangani, mfereji, kosa langu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Tulikusubiri mpaka jua likasimama," akasema. "Wengine walitaka tuanze, Sankale akakataa. Akasema, fundi atakuja, ameniahidi. Nikamuuliza una hakika? Akasema nina hakika. Hukuja. Basi wajumbe wakaona huo ni uongo wake wa pili."

"Lakini uongo ni wangu, mzee."

"Sasa najua. Lakini mfereji tumeshamkabidhi Koikai, ameshaapa mbele ya watu. Hatuwezi kuweka watu wawili kwenye maji yale yale."

Mwaka uliofuata Sankale aliuza shamba, akahamia Kisongo kuchunga. Kisongo ni pakavu, hakuna mfereji wa kushika. Yuko huko mpaka leo, mvi zimemjaa. Huwa nakwenda kumwona kila baada ya muda. Ananipa maziwa, tunaongea habari za ng'ombe na wajukuu. Duluti hajaitaja hata siku moja. Kuna wakati natamani angenitukana, nikapumzika.

Nikipita Olmotonyi nashuka kwenye baiskeli pale mfereji unapokatiza njia, na najikuta nayasema peke yangu yale niliyotakiwa kuyasema Alhamisi ile. Nilimuuliza kama maji anayajua. Akaniambia anayajua. Na alikuwa anayajua. Maneno hayo nimeyapima kwa saa, hayamalizi hata dakika moja.