Taa Iliyonyamaza

Muuzaji aliiwasha taa mpya ya jukwaani, kichwa chake kikageuka chenyewe huku na huku, kikimwaga bluu na zambarau, naye akaanza kuzisifu rangi zake.

“Rangi hata kinyonga anazo,” fundi taa akamkatiza. “Iache ipate moto, feni yake ianze kazi.”

Akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa. Chini ya taa alisimama mkewe, mwigizaji ambaye tangu augue koo sauti yake imebaki nyembamba kama uzi. Taa mbili walizojaribu jana zilivuma kwa feni zao zikaimeza sauti hiyo, fundi akazikataa palepale.

Taa ilipopata moto, mkewe akasema polepole, “Baba watoto, dawa umekunywa?”

“Bado!” fundi akajibu kwa furaha, kama mtu aliyesifiwa. Akamgeukia muuzaji. “Hii tunaichukua.”